Bagamoyo: njia iliyoanza Maniema inaishia baharini

Wamama na vijana wafanyabiashara wa Kalemie, Baraka na Uvira wanaijua Dar es Salaam vizuri. Wanajua ni duka gani la Kariakoo linauza vitenge kwa bei nafuu, nani anafunga mizigo kwa uangalifu, na lori gani linafika Kigoma bila kuchelewa. Lakini ukiwauliza kuhusu Bagamoyo, wengi watajibu kwamba wamesikia jina tu. Mji huo uko karibu kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, kando ya Bahari ya Hindi, ukitazamana na Zanzibar. Daladala zinakwenda huko kila siku. Anayeondoka asubuhi anaweza kuzunguka, kula vizuri na kurudi jioni.

Kukosa kufika huko ni hasara. Bagamoyo siyo mji wa watalii wenye kamera tu. Ni mwisho wa njia ambayo mwanzo wake uko Kongo. Pembe za ndovu zilizotoka Nyangwe na Kasongo zilivuka Ziwa Tanganyika, zikapita Ujiji na Tabora, zikabebwa begani zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bagamoyo, na hapo zikapakiwa katika majahazi ya kwenda Zanzibar. Watu pia walitembea njia hiyo. Wengine walikuwa wapagazi waliolipwa, hasa Wanyamwezi. Wengine walikuwa mateka waliouzwa, na kati yao walikuwemo watu wa Maniema na wa kando ya ziwa.

Mama mmoja wa Kalemie alifika Bagamoyo siku ambayo mzigo wake ulikuwa bado kupakiwa. Kijana anayetembeza wageni alimpokea karibu na ufuko.

«Shikamoo mama.»

Kalemie watu wanasema «jambo» tu, kwa hiyo mama alikawia kidogo kabla ya kujibu «marahaba».

«Mama umetokea wapi?»

«Kongo.»

«Kongo upande gani?»

«Kalemie, ng'ambo ya ziwa.»

«Basi mama, wewe siyo mgeni sana hapa. Njia ya misafara ilifika mpaka kwenu.»

Aliporudi, mama huyo aliwaambia wenzake kwamba alimaliza sekondari bila mwalimu hata mmoja kumfundisha jambo hilo. Alilisikia mara ya kwanza kwa kijana wa nchi nyingine, akiwa amesimama kwenye mchanga na viatu mkononi. Aibu hiyo si yake. Ni ya wale wanaopaswa kulinda kumbukumbu za mashariki mwa Kongo na hawafanyi hivyo.

Nini cha kuona

Wa kwanza kutembelewa uwe Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Hapo pana magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, na msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Makaburi mengine yana nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Pana pia kisima ambacho wenyeji wanakiheshimu, na mbuyu mkubwa wenye hadithi zake. Anayefika Kaole anaelewa kwamba pwani hii ilikuwa na miji, dini na biashara ya mbali mamia ya miaka kabla ya Mzungu wa kwanza kuandika habari zake.

Mjini kwenyewe pana Ngome Kongwe, pana jumba la misafara ambako wafanyabiashara walipanga safari zao, na pana Boma la Wajerumani. Wajerumani waliufanya mji huu makao yao makuu hadi 1891, kisha wakahamia Dar es Salaam. Hawakupokelewa kwa shangwe. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi yao wakiongozwa na Abushiri bin Salim, na vita vilifika mpaka Bagamoyo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mitaa ya mji wa zamani bado ina milango ya mbao iliyochongwa kwa ufundi, ingawa nyumba nyingi za mawe zimebomoka na miti imeota ndani ya kuta.

Kisha aende misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Mapadri hao waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakajenga kijiji cha kuwaweka. Makumbusho ya misheni yana picha na vitu vya wakati huo. Hapo pia pana mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874. Alikufa Mei 1873 katika nchi inayoitwa leo Zambia. Waafrika aliosafiri nao, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani, ili upelekwe kuzikwa Uingereza.

Mgeni kutoka Kongo asipite mbele ya mnara huo haraka. Livingstone huyohuyo alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871. Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa walifyatua bunduki katikati ya umati. Mamia ya watu walikufa, wengi wakiwa wanawake waliokuja kuuza bidhaa zao. Wengine walizama mtoni wakikimbilia mitumbwi. Habari aliyoandika Livingstone ilisaidia kuishinikiza serikali ya Uingereza, na mwezi wa Juni 1873 Sultani wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Mzee mmoja mgeni ana mnara. Wale wanawake wa Nyangwe, ambao kifo chao ndicho kilichotikisa dunia, majina yao hayakuandikwa popote. Ni watoto wangapi wa shule Kindu, Kalemie au Bukavu wanaoijua tarehe ya 15 Julai?

Mnyororo wa mbuyu

Katika uwanja wa misheni pana mbuyu uliopandwa mwaka 1868. Kipande cha mnyororo kinatokeza kwenye shina lake, na sehemu nyingine imemezwa na mti. Wageni wengi wakiuona mnyororo huo huguna na kusema: hapa walifungwa watumwa. Wanapiga picha, wanaituma kwa simu, na habari inaenea.

Lakini misheni yenyewe inasimulia jambo lingine. Mnyororo huo ulifungwa na bibi mmoja aliyeitwa Madame Chevalier ili amfunge punda wake. Mti ukakua, mnyororo ukabaki.

Kisa hiki kidogo kina faida kubwa kwa watu wanaoishi katika nchi ya uvumi. Mashariki mwa Kongo kila mtu anajua jinsi picha isiyo na maelezo inavyoweza kuwakimbiza watu usiku au kuwagombanisha majirani. Mateso ya watumwa yalikuwa ya kweli, na hayahitaji mnyororo wa punda ili yaaminike. Anayetaka kuwaheshimu walioteswa aanze kwa kusema ukweli, hata kama ukweli huo hauna picha nzuri.

Nini cha kula

Sasa tumbo. Jioni, karibu na soko la samaki, mafuta yanachemka katika makarai na moshi unapanda. Kuna samaki wa kukaanga wa kila aina, kuna ngisi, na kuna pweza, ambaye mtu wa ziwa akimwona kwa mara ya kwanza anaweza kurudi nyuma hatua mbili. Pweza huchemshwa, hukatwa vipande vidogo na huliwa kwa chumvi, ndimu na pilipili. Kuna mishkaki, chipsi mayai, vitumbua vya asubuhi, na madafu ya kunywa wakati wa jua kali. Wazee wanakaa barazani na kahawa chungu katika vikombe vidogo, wakiisindikiza kwa kashata.

Mtu wa Kongo atakutana pia na majani ya muhogo. Kwao ni sombe, hapa ni kisamvu. Kwao yanapikwa kwa mawese, hapa kwa tui la nazi. Majani ni yaleyale, ladha ni nyingine, na mabishano kuhusu yapi ni matamu zaidi hayatakwisha leo. Ugali hapa ni wa mahindi mara nyingi, tofauti na bugali wa muhogo aliouzoea mtu wa Fizi.

Sahani inayofaa kuagizwa kwa makusudi ni wali wa nazi kwa mchuzi wa samaki. Kilimo cha mpunga huko Kasongo na sehemu nyingine za Maniema kilienezwa na watu wa misafara waliotoka pwani katika karne ya 19. Leo wali wa Maniema unahesabiwa kuwa chakula cha kienyeji, na ni haki, kwa sababu wakulima wake ni wenyeji na jasho ni lao. Miembe inayotoa kivuli Ujiji na Kasongo nayo ilifuata njia hiyo. Lugha inayotumika katika masoko ya Kalemie, Bukavu, Goma, Kindu na Lubumbashi ilifuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anayekula wali Bagamoyo huku akisema Kiswahili anagusa mwisho mwingine wa maisha yake ya kila siku.

Adabu kidogo inahitajika. Wakaaji wengi wa Bagamoyo ni Waislamu, kwa hiyo mavazi ya heshima yanafaa mtu anapopita mitaani na karibu na misikiti. Mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana ni vigumu kupatikana mpaka jua lizame. Kabla ya kumpiga mvuvi picha, aombwe ruhusa. Kabla ya kuingia Kaole au makumbusho, bei iulizwe, kwa sababu mgeni na mwananchi huenda wasilipe sawa. Mwenye nafasi ya siku mbili aulizie pia kuhusu ngoma na michezo ya kuigiza katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, maarufu kwa jina la TaSUBa, ambayo ilianza kama chuo cha sanaa mwaka 1981 na ina tamasha lake la kila mwaka.

Jina lenye pande mbili

Watu husema jina Bagamoyo limetokana na «bwaga moyo». Wengine wanaeleza kwamba ni maneno ya mpagazi aliyefika pwani baada ya miezi mingi ya kubeba frasila mbili, yaani karibu kilo 32: sasa tua mzigo, moyo upumzike. Wengine wanasema ni maneno ya mateka aliyeiona bahari na kujua kwamba hatarudi kwao tena: moyo wangu nauacha hapa. Wanahistoria wanabishana kuhusu maelezo hayo mawili, na wengi wanaona la mpagazi lina nguvu zaidi.

Familia zilizokimbia makwao Kivu na Tanganyika zinayaelewa maelezo yote mawili bila mwalimu. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na godoro kichwani, akatembea siku tatu hadi mahali pasipo na risasi, anajua kutua mzigo ni nini. Na mzee anayelala chini ya hema huku nyumba yake, shamba lake na makaburi ya wazazi wake viko nyuma ya milima, anajua moyo unaobaki mahali pengine ni nini.

Wengi wao hawataiona Bagamoyo. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo. Wapo watu wazima waliozaliwa mle na kupata watoto wao mlemle, na sheria haiwaruhusu kutoka kambini bila kibali. Pwani iko katika nchi wanamoishi, lakini kwao iko mbali kama Ulaya. Habari kama hizi haziwaiti kwenda kutembea. Zinawahusu kwa sababu nyingine: watu wanaoondolewa mahali pao ndio wa kwanza kupoteza kumbukumbu, na ndio wanaohitaji zaidi kuzishika.

Upande wa Kongo wa njia hii

Tanzania imefanya jambo moja la kuigwa. Mwaka 2006 iliandikisha njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya maeneo inayotaka UNESCO iyatambue, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji. Ujiji iko kando ya ziwa. Orodha inaishia majini, kana kwamba misafara nayo iliishia hapo.

Haikuishia hapo. Ng'ambo ya ziwa palikuwa na Mtowa, mahali mitumbwi ilipotia nanga, si mbali na Kalemie ya leo. Kisha Kabambare, kisha Kasongo, ambako Tippu Tip alikuwa na makao yake, kisha Nyangwe. Mwaka 1893 majeshi ya mfalme Leopold II yaliiteka Nyangwe na Kasongo katika vita dhidi ya Waarabu na Waswahili, na mengi yaliyojengwa yaliharibika. Hata kuingia kwa Leopold katika habari hii kuna mguu wake Bagamoyo. Ni hapo Stanley alipoondokea Novemba 1874, akapita Nyangwe, akafuata mto, na kutokea Boma, upande wa Atlantiki, Agosti 1877. Muda mfupi baadaye mfalme huyo alimwajiri.

Wapo wanaosema ni afadhali mambo haya yaachwe. Hoja yao siyo ya kudharau. Katika Maniema na kando ya ziwa, neno «mtumwa» bado linaweza kutumika kama tusi, na wengine wanawanyoshea kidole majirani Waislamu kana kwamba wao ndio waliofunga minyororo. Nchi yenye vita, wanasema, haihitaji kidonda kingine.

Lakini kidonda kilichofunikwa bila kuoshwa hakiponi. Kinachowachochea watu ni hadithi nusu, na dawa ya hadithi nusu ni hadithi nzima. Hadithi nzima inasema kwamba wafanyabiashara wa pwani waliuza watu, kwamba machifu wengine wa bara waliwauza watu wao au jirani zao, kwamba pembe zilinunuliwa Ulaya na Marekani ili kutengeneza vibao vya piano, mipira ya biliadi na mipini ya visu, na kwamba waliokuja wakisema wanakomesha utumwa walileta kazi ya kulazimishwa na mpira wa damu. Hakuna kabila wala dini moja ya kubebeshwa mzigo huo peke yake. Bagamoyo msikiti, misheni na Boma viko katika mji mmoja, watoto wanapita katikati yake kwenda shule, na habari inasimuliwa mchana.

Wengine watauliza: watu wanakosa bugali, makumbusho ya nini? Jibu ni kwamba kazi ya kwanza haihitaji fedha za makumbusho. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa wazee na daftari moja. Mkuu wa kijiji anaweza kupaka rangi kibao cha mbao na kuandika: hapa ilipita njia ya misafara. Redio za jamii zinaweza kutenga nusu saa kwa wiki kwa wazee wa Kabambare na Kasongo kabla hawajaondoka. Kazi ya pili ni ya serikali: wakuu wa majimbo ya Tanganyika na Maniema waiombe Kinshasa izungumze na Tanzania ili upande wa Kongo wa njia hii uandikwe pamoja na ule wa Ujiji na Bagamoyo. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Isiwe kwa ajili ya malori na ushuru tu.

Na katika kambi, kazi ni moja na ni ya haraka. Mtoto aliyezaliwa kambini anajua namba ya bloku yake. Bibi yake anajua jina la mto, la kilima, la mti wa mikutano, na la kila aliyezikwa nyuma ya nyumba. Kati ya hao wawili kuna kalamu na daftari tu. Wanawake wa Nyangwe hawakupata wa kuwaandikia majina yao. Leo waandishi wako katika kila hema, na wanaojua kusoma ni wengi.

Mfanyabiashara atakayekwenda Dar es Salaam mwezi ujao basi atoe siku moja. Ale pweza, abishane kuhusu sombe, aguse mlango wa zamani. Akirudi, pamoja na vitenge, awaletee watoto habari ya mahali njia ilipoishia. Kisha awaulize wazee wake ilianzia wapi, na aandike watakachojibu.